Majina Yetu na Asili Yake: Kleist, Jina la Kijerumani Lililopata Nyumba Afrika



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa hapa Katuba aliningoja mlangoni pa kanisa pamoja na mwanawe, kijana wa darasa la mwisho la sekondari. Salamu zilipokwisha, baba akasema, "Mwalimu, kijana huyu ameniletea neno gumu. Ataka kuliacha jina la ukoo wetu kabla hajaandikwa kwa mtihani wa serikali. Mimi nakataa, lakini sina la kumjibu. Wewe unayeandika habari za majina, tusaidie."

Jina lenyewe sitalitaja, maana ni la watu walio hai nao wanakaa karibu nasi. Itoshe kusema ya kuwa ni jina la Kijerumani, tena la nadra, na katika Katuba nzima sijui nyumba nyingine ilichukuayo. Kwa sababu hiyo wenzake shuleni humcheka kijana huyu na kumwita mtoto wa Mzungu. Angaliweza kuvumilia kicheko. Lakini wako wanaomwuliza huyo babu Mzungu alikuwa nani, na bibi wa ukoo alimpatia wapi. Hilo ndilo lililomchoma moyo, nami sikumlaumu. Ni tusi kwa mwanamke aliyekufa zamani, asiyeweza tena kujitetea.

Nikamwuliza kijana, "Jina hili lilifikaje kwenu?" Akatazama chini. Nikamgeukia baba yake, naye akasema, "Sisi tulilikuta tu, Mwalimu."

Basi nikawaambia hivi: kabla ya kulitupa jina, au kulishika kwa ukaidi, nendeni mkawaulize wazee waliobaki. Nami katika ukurasa huu nitawasimulia habari ya jina jingine la Kijerumani, lililoingia katika nyumba ya Waafrika na kukaa humo miaka zaidi ya 100. Jina hilo ni Kleist.

MAJINA YA WAJERUMANI YALIANZAJE

Zamani Wajerumani, kama mababu zetu, walikuwa na jina moja tu kwa kila mtu. Miji ilipokua, na akina Heinrich wakawa kumi katika mtaa mmoja, ilibidi kuwapambanua. Tangu karne ya 12 na kuendelea watu wakaanza kuongeza jina la pili, na polepole jina hilo likawa la kurithi, toka kwa baba hata kwa mwana.

Majina hayo ya pili yalitoka hasa katika visima vinne. Kisima cha kwanza ni kazi ya mikono: Schmidt ni mhunzi, Müller ni msaga nafaka, Fischer ni mvuvi, na Schneider ni fundi wa kushona nguo. Cha pili ni mahali: Böhm ni mtu aliyetoka nchi ya Bohemia. Cha tatu ni umbo au tabia ya mtu: Klein ni mdogo, Schwarz ni mweusi. Cha nne ni jina la baba: Peters ni mwana wa Petro. Wakubwa wenye mashamba na ngome waliongeza neno "von" mbele ya jina, maana yake "wa kutoka", kuonyesha mahali pa enzi yao.

Labda utasema, "Mambo haya ya mbali yanatuhusu nini sisi wa Katuba?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Fungua kitabu cha ubatizo cha parokia yo yote ya Lubumbashi, nawe utayakuta majina Albert, Bernard, Richard, Gérard, Louis na Charles. Twayaita majina ya Kifaransa. Kumbe asili yake ni lugha za kale za makabila ya Kijerumani, walioingia nchi ya Ufaransa na kuyaacha majina yao huko! Bernard yatokana na maneno mawili, dubu na hodari. Albert ni mwenye ukoo bora na mwenye kung'aa. Gérard ni hodari wa mkuki. Louis ni mwenye sifa vitani. Basi wale wanafunzi wanaomcheka mwenzao kwa jina la Kijerumani, yawezekana nusu yao wanachukua majina ya asili iyo hiyo, wala hawajui.

WAJERUMANI WALIPOPITA KWETU

Wazee wetu waliwaita Wadachi. Wengi hudhani hawakufika pande hizi, kwa kuwa nchi yao ilikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini mwaka 1884, kabla Wabelgiji hawajaweka bendera Katanga, Wajerumani wawili, Paul Reichard na Richard Böhm, walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa na kuingia nchi hii. Reichard alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri. Böhm, ambaye alikuwa mtaalamu wa wanyama na ndege, alikufa kwa homa papa hapa Katanga katika mwaka uo huo.

Jina la Böhm halikupata mwana wa kulirithi huku. Lakini wataalamu walimpa ndege mmoja mzuri, mla nyuki mwenye manyoya ya kijani, jina la Merops boehmi, na aina moja ya punda milia ikaitwa boehmi pia. Ndege huyo yuko hata leo katika misitu ya Katanga. Basi hilo ni jina lililosalia juu ya mabawa.

Mjerumani wa tatu ni Hermann von Wissmann. Ndugu zetu watokao Kasai watamfahamu, kwani ndiye aliyeanzisha kituo cha Luluabourg mwaka 1884, akimtumikia mfalme Leopold wa Ubelgiji. Siku hizi mji huo waitwa Kananga. Miaka mitano baadaye, mwaka 1889, serikali ya Kijerumani ilimtuma Wissmann huyo huyo kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, kuwapiga watu wa Abushiri bin Salim waliokataa kutawaliwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo.

Kwa vita hivyo Wissmann hakuleta askari Wazungu wengi. Aliwaajiri Wasudani kutoka Misri, na Wazulu kutoka pande za Inhambane katika Msumbiji. Miongoni mwa Wazulu hao alikuwako mtu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Hapo ndipo habari ya jina letu inapoanzia.

MTOTO ALIYEITWA KLEIST

Sykes Mbuwane alipata mwana mwaka 1894. Mtoto akaitwa Kleist, kwa jina la Kijerumani. Tazameni mchanganyiko huu! Baba ni Mzulu wa Msumbiji. Jina lake Sykes ni jina la Kiingereza, la watu wa kaskazini ya Uingereza, na maana yake ya kale ni kijito cha maji. Mwana anachukua jina la wakubwa wa Kijerumani, na anakulia Dar es Salaam akinena Kiswahili. Nani atamtazama mtu huyo na kusema kwa hakika damu yake ni ya nani, kwa kulisikia jina tu? Hakuwa na Mjerumani katika damu yake, wala Mwingereza.

Baba yake alifariki mapema, na mtoto akalelewa na Mzulu mwingine, mkubwa wa askari wenzake, aliyejulikana kwa jina la Affande Plantan. Katika nyumba hiyo ya Plantan alikuwamo pia kijana aliyeitwa Schneider. Yaani fundi wa nguo, kama tulivyosema juu, ingawa hakuna aliyemtazamia ashone kanzu. Kwa heshima ya mlezi wake Kleist alijulikana kwanza kama Kleist Plantan. Baadaye jina la baba aliyemzaa, Sykes, likarudi na kushika mahali pake. Hivyo mtu mmoja alimheshimu baba aliyemzaa na baba aliyemlea, kila mmoja kwa zamu yake. Walezi wa yatima walioko kati yetu na watie neno hili moyoni.

Kleist alisoma katika shule ya Wajerumani na kukijua Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, alikuwa upande wa Wajerumani, chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, na wakati uo huo askari wa Kongo walikuwa wakiwafukuza Wajerumani hao mpaka Tabora, walipoingia mwezi wa Septemba 1916. Vita ilipokwisha, Mjerumani akaenda zake. Mwingereza akaja. Kleist akafanya kazi ya ukarani katika reli.

Wajerumani walipoondoka waliacha vitu vichache vilivyodumu midomoni mwa watu. Watu wa pwani husema "shule", nalo ni neno la Kijerumani, wakati sisi wa Lubumbashi twasema "masomo". Husema "hela" kwa fedha, kwa sababu ya sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoitwa heller. Na jina Kleist likabaki vilevile, likiwa limekwisha kuwa mali ya watu wa nchi.

Lakini tusidhani ya kuwa jina lilimpa Kleist heshima. Alijipatia mwenyewe kwa kazi. Mwaka 1924 alikutana na Dokta James Aggrey, mwalimu mashuhuri kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyekuwa akizunguka Afrika kuchunguza habari za elimu. Mwaka 1929 Waafrika wa Dar es Salaam walipounda African Association, yaani Chama cha Waafrika, Cecil Matola akawa rais wake, na Kleist akawa katibu. Tena katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jumuiya ya Waislamu wa Tanganyika iliyowajengea watoto shule, maana Kleist alikuwa Mwislamu. Alifariki mwaka 1949.

Wanawe waliendelea na kazi aliyoianza. Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, na ndugu yake Ally walipelekwa na Waingereza kupigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Waliporudi wakaingia katika chama cha baba yao. Mwaka 1950 rais wa chama alikuwa Dokta Vedasto Kyaruzi, Mkatoliki wa Bukoba, na Abdulwahid Sykes alikuwa katibu wake. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuka kuwa TANU, chini ya Julius Nyerere, aliyekuwa wakati huo mwalimu wa shule ya Wakatoliki ya Pugu. Na ndugu hao wawili wa Sykes walikuwamo katika mkutano ule. Mwislamu na Mkatoliki walikaa meza moja, kwa sababu kazi ilikuwa moja.

Na jina? Mjukuu wa mzee huyu, mwana wa Abdulwahid, aliitwa Kleist kwa jina la babu yake, naye alikuwa Meya wa jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtaa wa Kipata, katika jiji hilo, ukabadilishwa jina na kuitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Huko Ujerumani Kleist ni jina la mwisho, la ukoo. Huku likawa jina la kwanza, la mtu mwenyewe, na mjukuu alipolichukua halikumkumbusha afisa ye yote wa Kijerumani. Lilimkumbusha babu yake.

JINA MOJA, WATU MBALIMBALI

Haifai kulisifu jina bila kutazama linakotoka. Ukoo wa von Kleist ni ukoo wa kale wa Pomerania, nchi ya pwani ya bahari ya Baltiki. Mwaka 1745 mmoja wao, Ewald Georg von Kleist, aligundua namna ya kuiweka nguvu ya umeme ndani ya chupa. Wanafunzi wa fizikia wanaijua chupa hiyo kwa jina la mji wa Leyden, kwa kuwa mtu mwingine huko aliigundua karibu wakati uo huo. Mwingine, Heinrich von Kleist, aliyezaliwa mwaka 1777 na kufa mwaka 1811, ni mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha ya Kijerumani.

Sasa sikilizeni habari ya wawili waliofuata baadaye, wote wawili wakiitwa Ewald von Kleist. Wa kwanza alikuwa jemadari mkuu katika jeshi la Hitler, naye alikufa kifungoni Urusi mwaka 1954. Wa pili alimpinga Hitler tangu mwanzo, akashiriki na wale waliotaka kumwondoa, na kwa ajili hiyo akakatwa kichwa Berlin mwezi wa Aprili 1945, vita ikiwa karibu kwisha. Jina ni lile lile, la ukoo na la mtu. Matendo ni mbingu na nchi.

Kwa hiyo mtu asijivune kwa jina, wala asijionee haya kwa sababu yake. Jina ni kama mtungi: umefinyangwa na mwingine, lakini maji yaliyomo umeyateka wewe.

HATA MAJINA YETU YAMESAFIRI

Labda kijana wetu atasema, "Lakini daima ni sisi tunaopokea majina ya wengine." Sivyo. Nyumba ile ya Dar es Salaam ambamo TANU ilianzishwa mwaka 1954 ilikuwa katika mtaa ulioitwa New Street, maana yake Mtaa Mpya. Leo mtaa huo unaitwa Mtaa wa Lumumba. Patrice Lumumba, mwana wa Batetela wa Sankuru, aliuawa hapa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, mji ukiitwa bado Elisabethville. Basi jina la Kongo limekwenda likashika mahali pa jina la Kiingereza katika mji wa akina Kleist. Watu wapitao mtaani humo kila siku wakiuza na kununua hawana damu ya Kitetela, lakini jina la Lumumba ni lao pia.

SISI NA MAJINA YETU

Watu wa nchi yetu wanajua uchungu wa kupokonywa jina. Wazee wa Katuba wanaukumbuka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo na kushika majina ya asili peke yake. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Watoto waliozaliwa wakati huo walipewa jina la Kikristu kanisani, lakini katika karatasi za serikali halikuonekana. Mama mmoja wa mtaa wangu aliniambia ya kuwa mumewe alimwita Mujinga mbele ya watu, na Marie mlango ulipofungwa. Hata miaka ya 1990 ilipoingia ndipo majina yale yalipotoka tena hadharani.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inataka majina yatolewe katika urithi wa utamaduni wa Kongo. Tena inasema mtu hawezi kulibadili jina lake kwa kupenda tu, bali kwa idhini ya hakimu wa mahakama ya amani, akiwa na sababu ya haki. Wazazi wafahamu jambo hili. Kufuta jina katika orodha ya shule wakati wa mtihani si njia. Huenda ukamtengenezea mtoto matata yatakayomfuata mpaka siku ya kutafuta kazi.

Tena desturi zetu wenyewe zatufundisha ya kuwa jina si damu tu. Kwa Waluba wa Katanga mapacha huitwa Kyungu na Kabwe, kwa Waluba wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga, wazazi wao wawe wa ukoo wo wote. Hapo jina lasimulia jinsi mtoto alivyozaliwa. Na vipi ndoyi, ambaye watu wa pwani humwita somo? Mtoto akipewa jina la rafiki wa baba, rafiki yule huleta zawadi, humwonya mtoto akikosa, na mtoto humheshimu kama mzazi. Hakuna aulizaye damu. Pengine twaweza kusema ya kuwa mzee Kleist wa Dar es Salaam alikuwa na ndoyi wake katika nchi ya Pomerania, ambao hakuwaona kamwe, wala hawakumletea hata shuka moja!

Lakini iko tofauti moja, na ndiyo ninayotaka wasomaji waishike. Jina Kleist halikuwadhuru watu wa nyumba ile kwa sababu habari yake iliandikwa. Binti mmoja wa ukoo huo, mjukuu wa mzee Kleist, aliandika maisha ya babu yake, na maandiko yake yakatiwa katika kitabu cha habari za Watanzania kilichotolewa mwaka 1973. Tangu hapo mtu akiuliza, "Jina hili limetoka wapi?", jibu liko. Jina lisilo na habari ni kama nyumba isiyo na mlango: kila mpita njia hutoboa tundu lake mwenyewe. Na tundu la kwanza wanalotoboa watu wabaya ni la kumtukana bibi.

JIBU LA NKAMBO

Majuma mawili yalipita. Ndipo baba na mwana wakaja nyumbani kwangu jioni, kijana akiwa na daftari mkononi. Walikuwa wamekwenda kwa nkambo wao, dada ya babu yake kijana, mwanamke mzee sana ambaye hatoki tena kitandani ila kwa kushikwa mkono. Hapana mtu aliyewahi kumwuliza neno hilo. Yeye mwenyewe alishangaa. "Mlidhani nini siku zote?" akawauliza.

Haya ndiyo aliyowaambia, kama kijana alivyoyaandika. Babu yake nkambo huyo alikuwa mpagazi katika vita ya 1916. Alichukua mizigo ya jeshi la Kongo mpaka Tabora. Huko Wajerumani waliotekwa waliporudishwa kuelekea ziwani, alipewa sanduku la mmoja wao alibebe kichwani. Ubavuni mwa sanduku lile jina la mwenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe. Siku zote za safari wapagazi wenzake walimwita kwa jina lile, kwa mzaha: "Wee Fulani, shusha sanduku! Wee Fulani, twende!" Walipofika ziwani, sanduku likaenda na mwenyewe, na jina likabaki na mpagazi.

Nkambo akaongeza neno moja. Babu yake hakwenda shule hata siku moja. Lakini kwa kulitazama sanduku lile kila jioni alipolitua, alizishika herufi zake moja moja, na hizo ndizo herufi pekee alizoweza kuziandika mpaka kufa kwake. Alipokuja kufanya kazi huku Katanga na kuulizwa jina, wenzake waliweka kidole katika wino. Yeye aliomba kalamu.

Kijana aliponisomea hayo alinyamaza kidogo. Baba yake naye alikuwa akifuta macho, akisingizia vumbi la Katuba, ambalo kwa kweli halikosekani.

Nikamwuliza, "Na mtihani, mwanangu? Utaandikwa jina gani?"

Akajibu, "La sanduku, Mwalimu." Kisha akaniomba nimsahihishie makosa ya maandishi, maana ataka kuisoma habari hiyo mbele ya wenzake darasani. Makosa yalikuwa machache, nikayasahihisha.

Basi, wasomaji wapenzi, juma hili nawaomba kazi ndogo. Katika kila nyumba yuko mzee mmoja anayejua jina lenu lilikotoka, liwe la Kiluba, la Kibemba, la Kifaransa au la Kidachi. Mpelekeeni sukari kidogo, kaeni karibu naye, mmwulize, nanyi wanafunzi mwandike. Mwandike na mahali, na mwaka kama anaujua, na jina la aliyesimulia. Daftari la shule latosha. Msingoje matanga, maana siku hiyo wengi watakuwa na maswali, na mwenye majibu atakuwa amelala.